Ameelezwa, Ameelewa

Saa nne asubuhi, kwenye benchi la hospitali, Lamunu alitandaza leso mapajani, akamlaza binti yake chali na kumfungua nepi. Alinawa mikono kwa maji aliyokuja nayo kwenye chupa, akautoa mrija mwembamba ndani ya mfuko wake, akaupaka mafuta nchani, kisha akauingiza taratibu huku amezuia pumzi. Mkojo ukaanza kushuka ndani ya kopo la plastiki. Babra, mtoto wa miezi minane, hakulia. Alikuwa akitazama feni mbovu iliyoning'inia darini. Miguu yake ilibaki palepale ilipolazwa.

"Banange! Hapahapa mbele za watu?"

Aliyesema hivyo ni Hajati Rukiah, mwanamke wa Kibuli aliyeketi naye bega kwa bega tangu saa kumi na mbili. Walikuwa wamekwisha kuulizana majina na hata kugawana chapati.

"Hawezi kukojoa mwenyewe, Hajati. Nikichelewa kumtoa, mkojo unamrudia kwenye figo. Na nikienda chooni, nafasi yangu inakwenda."

"Basi mfunike."

"Nimemfunika."

Hajati alilikusanya buibui lake lisiguswe, akamsogeza upande wa pili bintiye Shamirah, msichana wa miaka kumi na sita aliyevaa sare ya shule. Msichana aliutazama mrija, akaitazama miguu ya Babra, kisha akainamisha macho. Kidevuni alikuwa na kovu bichi la mtu aliyeanguka bila kutanguliza mikono. Lamunu mwenyewe alikuwa nayo matatu ya namna hiyo.

Ukutani alisimama baba yake Lamunu, Sajini mstaafu Saverio Okidi. Benchi lilikuwa na nafasi, lakini miaka thelathini na mmoja ya jeshi ilikuwa imemfundisha kwamba nje ya ofisi ya mkubwa mtu haketi mpaka aambiwe, hata kama mlango umefungwa na mkubwa mwenyewe hajafika.

"Ukiingia, sema asante kwanza," alimwambia bintiye kwa Kiswahili cha kambini, ambacho nyumbani kwao kilitumika kuliko Kiacholi. "Dawa iko nafanya kazi. Wewe hapana anguka tena. Sema asante, halafu uliza polepole."

Lamunu aliuchomoa mrija, akaufuta, akaukunja. Hakuwa amekuja kusema asante.

Alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na miwili, darasani, walipokuwa wakiishi katika nyumba za askari huko Makindye. Watoto walikimbia mpaka uwanjani, kwa kuwa majumbani walikuwa wameambiwa kwamba povu la mwenye ensimbu, ndivyo watu wa Kampala wanavyokiita kifafa, likikugusa nawe utaanguka. Mwalimu alisubiri mpaka mwili ulipotulia, ndipo akamsogeza pembeni kwa mpini wa fagio. Baada ya hapo akaandikiwa vidonge vilivyomsaidia nusunusu. Alisoma hivyo hivyo mpaka Senia ya Nne. Alijifunza ushonaji, lakini fundi hakumruhusu kugusa cherehani ya umeme. Akioga, mlango uliachwa wazi, na mtu akaketi nje kumsikiliza.

Miaka miwili kabla ya asubuhi hii, vidonge vile vya zamani vilikwisha kwenye dirisha la dawa la hospitali. Mwezi huo alianguka mara tano, mara moja akiwa katikati ya barabara ya Kisugu. Akaandikiwa kumwona bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, Daktari Okwir, aliyekuwa akija Jumanne tu, asubuhi tu, kwa kuwa mchana alikuwa na kliniki yake mwenyewe mahali pengine. Jina lake lilikuwa la watu wa Lira, na lugha ya kina Lamunu aliielewa kama maji. Hakuwahi kuitumia.

Siku ile aliuliza maswali matatu. Unaanguka mara ngapi kwa mwezi? Unauma ulimi? Unajikojolea? Jibu la tatu lilikuwa bado mdomoni mwa Lamunu daktari alipoanza kuandika. Lamunu alikuwa na miaka ishirini na saba na pete ya ndoa kidoleni. Hakuulizwa kama ana mume, wala kama anataka watoto.

"Hii inaitwa valproate. Ni kali kuliko ile yako. Miligramu mia tano asubuhi, mia tano jioni. Usiache hata siku moja. Anayefuata!"

Dirishani vidonge vilimiminwa ndani ya bahasha ndogo ya khaki, juu yake imeandikwa kwa kalamu: kimoja, mara mbili. Boksi lilibaki nyuma ya dirisha pamoja na karatasi iliyokuwa ndani yake.

Na dawa ilifanya kazi. Mwezi ulipita bila kuanguka, ukapita wa pili, ukapita wa tatu. Mwanzoni Lamunu hakuamini. Alitembea akishika kuta. Mwezi wa sita fundi mmoja wa Kibuli alimpa cherehani ya umeme, akawa anashona kola za mashati ya shule, kola mia kwa siku. Alivuka barabara peke yake. Jioni moja aliingia bafuni, akafunga komeo, akaketi juu ya ndoo akisikiliza ule ukimya wa kutosikilizwa na mtu, mpaka maji yakapoa. Alivipenda vidonge vile. Hata alipokuwa mgonjwa wa homa na kila kitu kinamrudi kooni, vidonge hivyo hakuvitapika.

Alipopata mimba, mkunga wa zahanati alimwuliza kama ana maradhi yoyote. Akasema kifafa. "Basi dawa zako usiache," mkunga alimwambia, "usije ukaangukia tumbo." Hakuuliza ni dawa gani.

Babra alizaliwa na kifuko cha maji chini ya kiuno, mahali ambapo uti wa mgongo ulikuwa haukufunga. Alipasuliwa siku ya sita, akapasuliwa tena mwezi wa pili kichwa kilipoanza kujaa. Baba yake, Konstebo Kidega, alikuja wodini mara mbili. Mama yake Kidega alikuja kutoka Gulu mara moja. Alimfunua mtoto, akamtazama mgongo, akamfunika.

"Ugonjwa wako sasa umeingia kwenye damu yetu," alisema.

Kidega akapata uhamisho wa kwenda Moroto. Wenzake walisema aliuomba mwenyewe. Simu yake ikawa inaita bila kupokelewa, halafu ikawa haiiti kabisa. Lamunu akarudi Kisugu kwa baba yake, mtoto mgongoni, begi mkononi. Yale aliyoambiwa na mkwewe aliyaamini. Aliyaamini kwa miezi saba. Kila alipomwosha Babra lile kovu la mgongoni aliona kazi ya mwili wake mwenyewe, na alimwomba mtoto msamaha kwa sauti.

Aliyemtoa katika imani hiyo ni Husnah, dada aliyewanyoosha viungo watoto hospitalini siku za Alhamisi. Husnah alikuwa akikikunja na kukikunjua kifundo cha mguu wa Babra, akauliza kama mtu anayezungumza ili kupitisha muda:

"Ulipokuwa na mimba ulikuwa unameza dawa yoyote?"

Lamunu akaitaja. Mikono ya Husnah ikasimama.

"Walikuambia nini kuhusu dawa hiyo?"

"Nisiache hata siku moja."

Husnah aliinuka, akafunga mlango, akaenda kwenye kabati. Alirudi na boksi. Upande mmoja wa boksi palikuwa na duara jekundu, na ndani ya duara mwanamke mwenye tumbo kubwa, amepigwa mstari. Karatasi ya ndani ilikuwa ndefu kama mkono. Lamunu alijua kusoma, akasoma. Alifika mahali palipoandikwa juu ya uti wa mgongo, akarudia sentensi ile mara tatu, kidole kikiifuata.

"Mimi sijakuambia kitu," Husnah alisema, akiichukua karatasi na kuikunja. "Tafadhali, mama Babra. Jina langu usilitaje popote."

Jioni ile Lamunu hakumeza. Kesho yake pia hakumeza, wala kesho kutwa. Siku ya tatu, asubuhi, alikuwa ameketi kwenye mkeka akimlisha Babra uji. Alichokumbuka baadaye ni kijiko tu. Baba yake alimkuta sakafuni, na mtoto ametupwa mpaka mguuni mwa kitanda, uvimbe kama yai umemtoka kwenye paji la uso, upande uleule ambako madaktari walikuwa wamepitisha bomba la kutoa maji kichwani. Mchana alianguka tena. Jioni alimeza kidonge chake. Akasubiri Jumanne.

"Lamunu!" Sista Whitney, muuguzi wa zamu, aliita kutoka mlangoni.

Waliingia watatu. Daktari Okwir hakuinua kichwa. Alikuwa mtu nadhifu, mikono safi, na macho ya mtu ambaye hajalala vya kutosha kwa miaka kadhaa. Mezani palikuwa na rundo la mafaili lililomfikia kidevuni, kidau cha wino, na kalenda ya kampuni moja ya dawa.

"Umeanguka?"

"Nikimeza dawa, sianguki."

"Vizuri. Endelea na ileile." Kalamu ilikuwa imekwisha kuandika. "Anaye..."

"Daktari, nina swali."

Hakungoja ruhusa. Alimlaza Babra mezani, juu ya karatasi zake, akamgeuza kifudifudi na kumpandisha fulana. Kovu lilianzia katikati ya mgongo likashuka hadi kwenye nepi.

"Lamunu, toa mtoto kwa meza ya afande," Saverio alisema kwa sauti ya chini.

"Siku ile uliponiandikia hii dawa," Lamunu alimwambia daktari, "ulijua inaweza kumfanya mtoto tumboni awe hivi?"

Daktari alilitazama kovu, si kwa muda mrefu. "Mtoto mmoja kati ya kumi hupata kasoro. Tisa huzaliwa salama."

"Kwa hiyo ulijua."

"Kila daktari anajua."

"Mimi sikujua."

"Uliambiwa."

"Na nani?"

Daktari Okwir alilivuta faili kutoka chini ya kiwiko cha mtoto, akarudisha kurasa, akaweka kidole. Maandishi yote ya ukurasa ule yalikuwa ya wino mweusi uliofifia. Chini kabisa, palipobaki nafasi, palikuwa na sentensi tatu za wino wa buluu. Zilikuwa za Kiingereza, na Lamunu alizisoma mwenyewe: mgonjwa ameelezwa hatari za dawa wakati wa ujauzito, ameelewa, ameridhia. Pembeni palikuwa na alama ya dole gumba.

Sista Whitney aligeuka akaanza kupanga sindano ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Hili si dole langu," Lamunu alisema.

"Madole yanafanana."

"Daktari, mimi natia sahihi. Nimesoma mpaka Senia ya Nne. Tazama hapa. Na hapa. Na ukurasa huu. Kila nilipokuja nimeandika jina langu. Kwa nini siku ile moja nibonyeze dole kama mtu asiyejua kusoma?"

Daktari alitazama mlangoni.

"Wino ule pale. Nipe nibonyeze hapo kando, tulinganishe."

Alinyoosha mkono. Daktari alilifunga faili, akaweka kiganja juu yake.

"Sikiliza, mama. Ulifika kwangu unaanguka mara tano kwa mwezi. Nikakusimamisha. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo."

"Dawa yako ya zamani ilikuwa haipo. Zile nyingine, zilizo afadhali kwa mwanamke anayezaa, zimo kwenye vitabu nilivyosomea. Kwenye dirisha la hospitali hii sijawahi kuziona. Inayoletwa ni hii. Sasa nikuandikie karatasi ukaitafune?" Alionyesha mlango kwa kalamu. "Pale nje wapo watu sitini na wanane. Nikimweleza kila mmoja kila kitu, wa mwisho atanikuta kesho. Na hata ningekueleza, ungechagua nini? Kuanguka?"

"Sijui."

"Unaona."

"Sijui kwa sababu hukuniuliza. Ungeniuliza siku ile, leo ningejua ningesemaje. Labda ningesema nisizae kwanza, unipe sindano ya kuzuia. Labda ningesema bora nianguke. Lakini ningesema mimi."

"Afande, samehe," Saverio aliingilia. Alikuwa amebana mikono kwenye mishono ya suruali. "Huyu toka siku ile aliacha dawa, siku tatu mzima, kichwa yake haiko sawa. Alianguka na mtoto. Mimi nilikuta yeye chini."

Lamunu alimgeukia baba yake.

"Aliacha dawa?" Daktari aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Siku tatu? Na mtoto mikononi?" Akamwambia Sista Whitney kitu kwa Kiingereza, haraka, kisha akamwambia Saverio, "Mkae nje, mzee. Mtaitwa mchukue kadi. Anayefuata!"

Nje, Lamunu aliketi amfunge Babra mgongoni. Hajati Rukiah na Shamirah waliingia. Fundo la leso lilikuwa bado halijakazwa walipotoka. Shamirah alishika karatasi ya dawa kwa vidole viwili. Lamunu aliliona neno, na mwandiko, na zile mia tano asubuhi na mia tano jioni.

Akasimama mbele yao.

"Hajati, ngoja kidogo. Hiyo dawa, amewaeleza nini?"

"Ameze asubuhi na jioni. Kwani nini?"

"Na kuhusu kuzaa hakusema?"

"Kuzaa?" Sauti ya Hajati ilipanda. "Huyu ni mtoto wa shule! Unamtajia mambo ya kuzaa?"

"Si leo. Lakini siku moja ataolewa, atakuwa bado anaimeza. Rudi ndani umuulize. Usitoke mpaka akueleze. Mimi sikuelezwa, na huyu ndiye..." Aligeuka, akawaonyesha miguu ya Babra mgongoni.

"Ondoa! Usimsogezee mwanangu huyo mtoto! Wallahi, unataka kumtia mkosi wako!"

"Mama, mwache aseme," Shamirah alisema.

"Nyamaza wewe!"

"Shamirah, soma karatasi ya ndani ya boksi. Unasikia? Waambie wakupe boksi. Lina picha..."

Hajati alipiga yowe. Mlinzi wa mlangoni alikuja mbio, akamkamata Lamunu mkono wa juu, akaubana. Lamunu alijivuta kumlinda mtoto aliyekuwa mgongoni, leso ikalegea, akalazimika kumzungushia Babra mkono kwa nyuma. Alikuwa akipaza sauti sasa. Alisikia mwenyewe kwamba anapaza sauti.

"Inampanda!" mtu alisema kwenye benchi.

"Mpeni nafasi, inampanda! Msimguse mate!"

Watu waliinuka. Waliokuwa hapo wote ni wagonjwa wa kifafa au ndugu zao, na wote walirudi nyuma. Mwanamume mmoja alijiziba pua kwa kofia.

"Sina kifafa sasa hivi!" Lamunu aliwaambia. "Nina hasira! Hamjawahi kumwona mtu mwenye hasira?"

Mlango ulifunguliwa. Daktari Okwir alisimama pale, akamtazama Lamunu kuanzia nywele mpaka miguu, akamtazama Hajati aliyekuwa akilia, kisha akaomba faili. Sista Whitney akampa. Aliandika akiwa amesimama, faili ameliegemeza kwenye fremu ya mlango. Alipomaliza hakumwita Lamunu. Alimwita Saverio.

"Mzee, ulikuwa jeshini?"

"Ndiyo, afande! Sajini!"

"Basi utanielewa. Kifafa kikikaa na mtu miaka mingi, huingia kwenye akili. Umeona mwenyewe. Anamshuku kila mtu, anatisha wagonjwa wangu, anaacha dawa na mtoto mikononi. Nimeongeza dozi. Nimeongeza na kidonge kingine cha kumtuliza. Kuanzia leo dawa zinakaa kwako. Asubuhi na jioni atameza mbele yako. Akishameza, afungue mdomo, uangalie chini ya ulimi. Utaweza?"

"Nitaweza, afande."

"Asipomeza, mlete, nimlaze wodi ya wagonjwa wa akili. Na mtoto atachukuliwa na watu wa ustawi wa jamii. Sitaki kusikia mtoto yule ameanguka tena."

"Baba," Lamunu alisema kwa Kiacholi, "mwambie nimeona maandishi. Mwambie dole si langu." Alisema polepole, akimtazama daktari. Alijua daktari anaelewa kila neno.

Daktari Okwir alisubiri amalize. Kisha akarudi ndani na kuufunga mlango.

Kwenye dirisha la dawa, Sista Whitney, aliyekuwa ametoka kwa daktari na kadi, ndiye aliyegonga mhuri. Lamunu aliinama mpaka mdomo wake ukafika usawa wa tundu la kioo.

"Sista. Wewe ulikuwemo ndani siku ile ya kwanza. Nilielezwa?"

Mhuri ulibaki hewani kidogo.

"Mama Babra," Sista Whitney alisema, "mimi nina watoto watatu wanaosoma." Akagonga. Akamtazama mwanamume aliyekuwa nyuma. "Songa mbele, ssebo."

Bahasha hazikuwekwa mkononi mwa Lamunu. Zilipitishwa pembeni yake, kwa baba yake.

Walipanda boda mbili mpaka Kisugu. Walipofika, Saverio aliingia chumbani kwake, Lamunu akamsikia akivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akilifungua, akilifunga na kufuli. Yeye alibandika maharage. Alimtoa Babra mkojo. Mara mbili alikwenda mpaka mlangoni mwa baba yake, na mara mbili akarudi jikoni. Alikuwa anajua hesabu yote ya jambo hili. Asipomeza, kesho au kesho kutwa ataanguka, na safari hii pengine mtoto hataangukia mkeka. Akimeza, ameandikwa mwendawazimu, na kila kidonge kitakuwa shahidi wa aliyeandika. Na wapo Jumanne ijayo, na Jumanne nyingine, wasichana wa sare za shule.

Saa kumi na mbili jioni, jua bado likiwa kwenye paa za jirani, Saverio alitoka. Alikuwa amevaa shati lake la kaki lenye mikunjo ya pasi. Mkono mmoja alishika kikombe cha maji, na kwenye kiganja cha mkono wa pili palikuwa na vidonge vitatu. Lamunu alikuwa ameketi kwenye mkeka, Babra mapajani.

"Baba, unaniamini?"

"Mimi naamini wewe." Alijibu bila kusita.

"Ile alama kwenye karatasi. Unaamini si yangu?"

"Si yako. Wewe unajua kuandika. Mimi nililipa shule." Alimsogezea kikombe. "Meza."

"Basi niachie hapo chini. Nitameza mwenyewe."

"Hapana. Imeagizwa."

"Na nani?"

Mzee alimtazama kana kwamba hajaelewa swali. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipiga magoti kwenye mkeka, goti moja, kisha la pili, akimshika bintiye bega ili asianguke yeye, akamsogezea kiganja mpaka mdomoni.

"Wao watachukua mtoto, Lamunu," alisema. "Meza."

Alimeza kimoja. Akameza cha pili. Kile kidogo cheupe kilikwama, akanywa maji tena.

"Fungua mdomo."

Lamunu alifungua mdomo. Saverio alitoa simu yake mfukoni, akawasha tochi, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja. Mwanga ulimpiga bintiye usoni.

"Ulimi," alisema. "Inua ulimi."

Aliuinua. Mzee akainama karibu zaidi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akipumua kwa shida, na pale mapajani Babra, aliyeuona mwanga na kudhani ni mchezo, naye akafungua mdomo.